Stephen King: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wasomaji Wake

Nianze na kitabu gani?

Kosa la kawaida kwa anayemwanza King, mwandishi wa Marekani wa riwaya za kutisha, ni kuanza na It au The Stand kwa sababu ndiyo majina yanayotajwa sana. It ya mwaka 1986 ina kurasa 1,138 katika toleo la kwanza, na The Stand kamili inazidi 1,100. Msomaji mgeni hufika ukurasa wa 200 bado anatambulishwa kwa watu wa mji, akadhani hadithi haipo, akakiweka kitabu juu ya kabati. Hadithi ipo. Ila subira ya namna hiyo hujengwa kwa vitabu vifupi kwanza.

Anza na Misery (1987). Watu wawili, nyumba moja, theluji nje. Mwandishi wa riwaya za mapenzi amevunjika miguu katika ajali ya gari, na aliyemwokoa ni nesi wa zamani anayevipenda vitabu vyake kupita kiasi. Nesi huyo anapogundua kwamba mhusika wake kipenzi ameuawa kitabuni, mambo yanabadilika. Hakuna jini wala mzuka. Hapo utauona ufundi wa King mtupu, maana safari ya kiti cha magurudumu kutoka chumbani hadi sebuleni inatosha kukuziba pumzi kurasa nzima nzima.

Ukitaka wanyonya damu, soma 'Salem's Lot (1975). Ukitaka kuonja kidogo kidogo, chukua Night Shift (1978), mkusanyiko wake wa kwanza wa hadithi fupi. Na kama hupendi kabisa mambo ya kutisha, Different Seasons (1982) ina hadithi nne ndefu, nyingi zikiwa za maisha tu. Mbili kati yake ndizo zilizozaa filamu za The Shawshank Redemption na Stand by Me.

Pet Sematary (1983) iache iwe ya tatu au ya nne, na mzazi mwenye mtoto mdogo afikiri mara mbili. King alikuwa amepanga nyumba katika mji wa Orrington, jimboni Maine, kando ya barabara ya malori mazito, na paka wa binti yake akagongwa. Kutokana na hilo aliandika kitabu ambacho mwenyewe aliona amevuka mpaka, akakifungia kwenye droo. Kilitoka kwa sababu alidaiwa kitabu kimoja na wachapishaji wake wa zamani, Doubleday.

Kwani yeye ni nani hasa?

Alizaliwa tarehe 21 Septemba 1947 mjini Portland, jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Alipokuwa na miaka miwili baba yake aliaga kwamba anakwenda kununua sigara, na hakurudi tena. Mama yake, Ruth, alimlea yeye na kaka yake David kwa vibarua vya kufulia nguo na zamu za usiku katika kiwanda cha mikate. Huyo mama ndiye mteja wake wa kwanza: alimlipa senti 25 kwa kila hadithi, na hadithi zilipofika nne, mtoto alikuwa na dola moja ya jasho la kalamu.

Alihitimu Kiingereza Chuo Kikuu cha Maine mwaka 1970, akamwoa Tabitha Spruce Januari 1971, wakapata watoto watatu. Ameandika riwaya zaidi ya 60 na hadithi fupi takriban 200.

Ni kweli Carrie, riwaya yake ya kwanza kuchapishwa, iliokotwa kwenye pipa la taka?

Ni kweli, ila kilichookotwa ni kurasa tatu tu. King alikuwa mwalimu wa sekondari katika mji wa Hampden kwa mshahara wa dola 6,400 kwa mwaka, akiishi na familia katika nyumba ya trela huko Hermon. Aliandikia kwenye chumba cha kufulia, kwa taipureta ya mkewe. Alianza hadithi ya msichana anayeonewa shuleni, akaandika kurasa tatu, akaona hawajui wasichana wala hampendi mhusika wake, akazifinyanga na kuzitupa. Tabitha alizitoa, akazikung'uta majivu ya sigara, akazisoma. Alimwambia aendelee, mambo ya wasichana angemsaidia yeye.

Doubleday walinunua mswada kwa malipo ya awali ya dola 2,500. Habari ilikuja kwa telegramu, kwa kuwa simu ya nyumbani walishaikata kubana matumizi. Kisha Jumapili moja ya Mei 1973, wakiwa tena na simu, mhariri wake, Bill Thompson, alimpigia kumwambia kwamba haki za toleo la jalada jepesi zimeuzwa kwa dola 400,000, na nusu ni yake. Tabitha hakuwepo. King alitoka kumtafutia zawadi, maduka mengi yakiwa yamefungwa, akarudi na mashine ya kukaushia nywele.

Ruth alifariki kwa saratani mwishoni mwa 1973. Kitabu kilitoka Aprili 1974.

Waandishi wengi wanatumia mizuka ile ile. Kwa nini yeye anatisha zaidi?

Katika Danse Macabre (1981) King mwenyewe amepanga kutisha kwa ngazi tatu. Ya juu kabisa ni hofu: mlango haujafunguliwa, na akili ya msomaji ndiyo inayofanya kazi. Ya pili ni kitisho: mlango umefunguka na kitu kinaonekana. Ya chini ni kinyaa, damu na usaha. Anasema hujaribu ya kwanza, ikishindikana ya pili, ikishindikana ya tatu, na haoni aibu kufika huko.

Lakini ngazi hizo hazitoshi kueleza. Siri yake ni kwamba anakupendezesha watu kabla hajawagusa. Angalia The Shining (1977). Kabla ya mzuka wowote unajua kwamba Jack Torrance ni baba mwenye mapenzi, kwamba ameacha pombe, kwamba siku moja akiwa na hasira alimvunja mwanawe mkono, kwamba amefukuzwa ualimu na kulinda hoteli hii wakati wa baridi ndiyo nafasi yake ya mwisho. Mapema pia unaoneshwa boila kuukuu iliyo chini ya jengo, ambayo presha yake lazima ipunguzwe kila siku au itapasuka. Kuanzia hapo kila siku inayopita una vyombo viwili vinavyochemka, boila na baba, na unavihesabia vyote viwili. Mizuka inapokuja, inakuta tayari unaogopa.

Sisi tuna msemo kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwa King ni kinyume chake. Zimwi lake linakujua jina, linajua ulichokiogopa utotoni na dhambi uliyoificha, na ndiyo maana linakumaliza. Mchekeshaji wa watoto mwenye uso wa rangi katika It anamjia kila mtoto kwa sura ya hofu yake mwenyewe. Ukiruka kurasa za utangulizi ili ufike haraka kwenye mzuka, umezitupa fedha zako, maana kilicho mbele yako kitakuwa mzuka unaomtisha mtu usiyemjua.

Nimeshaona filamu. Bado nina haja ya kusoma?

Ndiyo, hasa kwa The Shining. Filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1980 ni kazi kubwa ya sinema, lakini King hakuipenda, na sababu yake ina mashiko: Jack wa kwenye filamu anaonekana mwehu tangu dakika za mwanzo, kwa hiyo hakuna mtu mwema wa kupotea. Mwisho wa kitabu na wa filamu pia ni tofauti kabisa. Hata namba ya chumba ilibadilishwa: kitabuni ni 217, kama chumba alicholala King mwaka 1974 katika hoteli ya Stanley, Estes Park, jimbo la Colorado, kwenye filamu ni 237, kwa sababu hoteli iliyopigwa picha nje yake iliogopa wageni wasije wakakikataa chumba chake halisi.

Kwa It, jihadhari na tarehe. Kitabuni utoto wa wahusika ni 1957 na 1958, na utu uzima 1984 na 1985, na nyakati hizo mbili zinapishana sura kwa sura, wakati mwingine katikati ya sentensi. Filamu ya 2017 imeuhamishia utoto mwaka 1989. Anayekuja kutoka kwenye filamu huchanganyikiwa mapema. Andika kwenye karatasi majina ya watoto saba (Bill, Ben, Beverly, Richie, Eddie, Mike, Stan), uongeze kazi ya kila mmoja ukubwani unapoipata. Karatasi hiyo moja itakufikisha mwisho.

Kwa The Mist, filamu ya 2007 ina mwisho wake mwenyewe, mkali kuliko wa hadithi, na King aliusifu.

Nimepata The Stand ya mitumba. Nitajuaje ni toleo lipi?

Toleo la 1978 lilipunguzwa kurasa karibu 400 kwa sababu ya gharama za uchapaji. Mwaka 1990 King alizirudisha. Toleo kamili lina dibaji yake na michoro ya Bernie Wrightson. Jalada na kurasa za mwanzo zikiwa zimechanika, soma tukio la kwanza kabisa. Ukimkuta askari anamwamsha mkewe usiku na kukimbia naye pamoja na mtoto, hilo ni toleo la 1990. Ukianzia kituo cha mafuta katika mji mdogo wa Texas, ni la 1978.

Tunashauri toleo kamili kwa anayempenda King tayari, na fupi kwa anayejaribu. Kwa toleo lolote la jalada jepesi lenye kurasa elfu, usilikunje uti kulilaza wazi mezani: gundi hupasuka katikati na kurasa huanza kudondoka vitita vitita. Kabla ya kununua, lifungue katikati, uangalie kama namba za kurasa zinafuatana.

The Dark Tower isomwe kwa mpangilio gani?

Hii ni safari ndefu ya mpiga bastola Roland, iliyotokana na shairi la Robert Browning. Vitabu saba vikuu ni The Gunslinger (1982), The Drawing of the Three (1987), The Waste Lands (1991), Wizard and Glass (1997), Wolves of the Calla (2003), kisha Song of Susannah na The Dark Tower, vyote viwili vya 2004. Cha nane, The Wind Through the Keyhole (2012), kinakaa kati ya cha nne na cha tano, lakini unaweza kukisoma mwisho bila hasara.

Wengi huishia cha kwanza. King alikianza mwaka 1970, kijana aliyetoka chuoni, na lugha yake ni kavu na nzito kuliko kazi zake nyingine. Kivumilie, ni kifupi; cha pili kinakwenda mbio. Kuna matoleo mawili ya The Gunslinger: la zamani, na la 2003 alilolirekebisha lilingane na vitabu vya mwisho. Anayesoma mfululizo wote achukue la 2003.

Kabla ya cha tano ni lazima uwe umesoma 'Salem's Lot, kwa sababu kasisi wa mji ule anarudi humo na kisa chake ni mhimili wa kitabu. Ukiongeza The Stand kabla ya cha nne, utaelewa ni wapi Roland na wenzake wamefika.

Na vitabu vya Holly Gibney?

Holly ni mpelelezi anayerudi kitabu baada ya kitabu. Visome kwa mpangilio huu: Mr. Mercedes (2014), Finders Keepers (2015), End of Watch (2016), The Outsider (2018), If It Bleeds (2020), Holly (2023), Never Flinch (2025). Watu huanza na The Outsider kwa sababu ya tamthilia ya televisheni, na hapo huambiwa bure yaliyotokea mwisho wa kitabu cha tatu.

Richard Bachman ni nani?

Ni King mwenyewe. Wachapishaji waliona kutoa zaidi ya kitabu kimoja kwa mwaka kungeliharibia soko jina lake, naye alitaka kujua kama anauza kwa kipaji au kwa jina. Kwa jina la Bachman alitoa Rage (1977), The Long Walk (1979), Roadwork (1981), The Running Man (1982) na Thinner (1984). Mwaka 1985 muuza vitabu mmoja wa Washington, Steve Brown, alishuku mtindo, akaenda kupekua kumbukumbu za hakimiliki katika Maktaba ya Bunge, akakuta jina la King. Thinner ilikuwa imeuza nakala 28,000. Baada ya siri kufichuka ikauza mara kumi yake. King akatangaza kwamba Bachman amefariki.

Bora kati ya hivyo ni The Long Walk: wavulana mia wanatembea, anayepunguza mwendo anapigwa risasi, anabaki mmoja. Rage haichapishwi tena. King aliiondoa mwenyewe baada ya kuhusishwa na vijana waliopiga risasi shuleni. Mkusanyiko wa The Bachman Books wa 1985 unayo, matoleo ya baadaye hayana.

Anaandikaje kila siku?

Utaratibu wake uko katika On Writing (2000), na hata asiyetaka kuandika atafaidika nao. Lengo lake lilikuwa maneno 2,000 kwa siku, hivyo rasimu ya maneno 180,000 ilimchukua kama miezi mitatu. Kwa anayeanza anapendekeza maneno 1,000 kwa siku, siku sita kwa wiki. Rasimu ya kwanza huandikwa mlango umefungwa, bila kumwonesha mtu. Kisha mswada unafungiwa kwenye droo wiki sita kwa uchache, ili ukirudi uusome kama wa mtu mwingine. Ndipo mlango unafunguliwa, na msomaji wa kwanza ni Tabitha.

Rasimu ya pili ni ya kwanza ukitoa asilimia 10. Kanuni hii aliipata akiwa bado sekondari, kwenye barua ya kukataliwa hadithi. Barua hizo alizitundika kwenye msumari ukutani. Alipofika miaka 14 msumari ulishindwa uzito, akagongelea mkubwa zaidi, akaendelea kuandika.

Anachukia vielezi, hasa kwenye mazungumzo. Kwa Kiswahili jaribu hivi: kila ulipoandika "alisema kwa hasira", futa "kwa hasira", kisha tazama kama maneno ya mhusika yenyewe yana hasira. Kama hayana, kilichoharibika ni maneno ya mhusika, na ndiyo ya kurekebisha.

Kanuni ambayo wanaomwiga huisahau ni kusoma. Katika kitabu hicho anasema husoma vitabu 70 hadi 80 kwa mwaka.

Mbona miisho yake inalalamikiwa?

Kwa sababu hapangi. Huanza na hali, kwa mfano mwandishi mikononi mwa shabiki mwehu, akawafuata wahusika waende wanakotaka. Anaifananisha hadithi na mifupa ya kale inayochimbuliwa ardhini polepole. Faida yake ni kwamba watu wake hawaonekani kusukumwa. Hasara ni kwamba wakati mwingine mchimbaji anakuta mfupa wa mwisho haupo. Kwenye The Stand alikwama wiki nyingi baada ya kuandika mamia ya kurasa, akawa anatembea tu, hadi alipoamua kulipua bomu katikati ya wahusika wake. Bomu lile liliiokoa riwaya. Kwa maoni yetu mwisho wa It ni dhaifu kweli. Wa Pet Sematary na wa 11/22/63 (2011) hauna wa kuugusa.

Ni kweli alikuwa mlevi?

Pombe na kokeini. Amekiri kwamba Cujo (1981) haikumbuki vizuri kuiandika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Tabitha alikusanya familia na marafiki, akamwaga mbele yao mfuko wa taka kutoka ofisini kwake: makopo ya bia, vichupa vya kokeini, vidonge, dawa za kikohozi, hata dawa ya kusukutulia mdomo. Akamwambia achague, matibabu au kuondoka. Alichagua. Baadaye alitambua kwamba nesi wa Misery alikuwa kokeini yenyewe. Ukiujua ukweli huo, kisome tena kitabu hicho.

Tarehe 19 Juni 1999, akitembea kando ya barabara huko Lovell, Maine, aligongwa na gari ambalo dereva wake alikuwa akimzuia mbwa. Mguu ulivunjika sehemu tisa, nyonga ikapasuka, pafu likaporomoka. Wiki tano baadaye Tabitha alimtengea meza mahali ambapo kiti cha magurudumu kingeingia, na kikao cha kwanza kilidumu saa moja na dakika 40. Alikuwa akiimalizia On Writing.

Kiingereza chake ni kigumu?

Sentensi ni rahisi. Kinachosumbua ni majina ya bidhaa, nyimbo na vipindi vya redio vya Marekani. Usisimame kwenye kila kimoja. "Ayuh" ni "ndiyo" ya watu wa Maine. Maneno ya mlazo au ndani ya mabano katikati ya sentensi ni mawazo yanayomvamia mhusika. Na "Sematary" si kosa la mchapaji: ndivyo watoto walivyoandika kwenye kibao cha makaburi ya wanyama wao.

Kijana wa miaka 13 anaweza kumsoma?

Mpe The Eyes of the Dragon, aliyomwandikia binti yake Naomi ambaye hakupenda vitabu vya kutisha, au Fairy Tale (2022) akikua kidogo. It asipewe, ingawa wahusika ni watoto. Karibu na mwisho kuna tukio la kingono baina yao ambalo hata wasomaji wake waaminifu hawalitetei.

Kuna waandishi wengine katika familia?

Tabitha ana riwaya zake. Owen aliandika Sleeping Beauties (2017) pamoja na baba. Joseph alijificha nyuma ya jina Joe Hill, akapata wasomaji kwa nguvu zake kabla ya kujulikana mwaka 2007. Kwake anza na Heart-Shaped Box.

Derry na Castle Rock zipo?

Ni miji ya vitabuni mwake; kwenye ramani haipo, lakini Derry ni mji wa Bangor, Maine, uliobadilishwa jina. Nyumba nyekundu ya akina King iko mtaa wa West Broadway, na uzio wake wa chuma una popo na buibui. Inatazamwa kutoka njiani tu. Mnara wa maji wa mwaka 1897 unaoonekana katika It bado umesimama kilimani, na sanamu ya mkata miti Paul Bunyan, yenye urefu wa zaidi ya mita 9, ipo barabara kuu. Makaburi ya Mount Hope ndipo filamu ya Pet Sematary ya 1989 ilipopiga picha za mazishi, na mchungaji anayeongoza ibada ile ni King mwenyewe.